Saba Waliingia Kwenye Moshi

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa moto unaowaka ndani ya maji.

Godelieve alinipeleka uani, nyuma ya jengo, akaniambia nisimame mbali na ukuta. Alikuwa mama wa Kiflandre wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani moja puani na nyingine ikining'inia kifuani, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilichoishia kwenye kiungo cha kwanza. Alikata kipande cha utepe wa filamu ya zamani, akakishika kwa koleo, akakiwasha kwa kiberiti, kisha akakizamisha ndani ya ndoo ya maji. Nilingoja kizimike. Hakikuzimika. Kiliendelea kuwaka kule chini, kikitoa mapovu ya manjano, mpaka kikaisha chenyewe.

"Filamu za kabla sijazaliwa ni ndugu wa baruti," alisema kwa Kifaransa chake cha kukatakata. "Hazihitaji hewa, zinayo ndani yake. Ndoo hii nimeileta ujue kwamba haitakusaidia."

Nilirudi nyumbani Ganshoren, mtaa wetu wa kimya ambapo hata mbwa wanabweka kwa zamu, nikamwambia mume wangu kwamba nimepata kazi ya kulinda mabomu. Akauliza kama kuna likizo.

Nilifanya kazi ile miaka kumi na saba, kuanzia 2001, katika ghala la filamu hapa Brussels. Ripoti zangu zote niliziandika kwa Kifaransa. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu wawili kati yenu mnaokalia meza yangu sasa mmekulia Kiswahili, mmoja Lubumbashi na mwingine Bukavu, na mliniuliza kwa nini nilikuwa nashtuka kila nikisikia kiberiti. Naandika Kiswahili cha shule ya masista. Waliosema cha nyumbani nitawaacha waseme cha nyumbani. Vyeo sivitaji. Changu kilibadilika jina mara tatu, lakini meza ilibaki ileile, na droo yake ya chini haijawahi kufunga.

Godelieve alinifundisha kunusa kabla ya kuona. Mkebe unafunguliwa mbali na uso, na mfuniko unainuliwa kwa upande wa kule, si upande wako. Utepe mzima hauna harufu. Unaoanza kuoza unanuka siki, na uliooza sana unanuka soksi zilizosahauliwa ndani ya gari. Kwanza picha zinafifia. Halafu utepe unanata. Halafu unatoa mapovu yenye rangi ya asali, halafu unaganda kama mkate wa juzi, na mwisho unabaki unga wa kahawia. Unga huo ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu unaweza kuwaka kwa kusuguliwa na mfuniko tu. Kuanzia hatua ya nne sheria ya nyumba ilikuwa moja: unauandika kwenye orodha, unauweka kwenye baridi, na gari la uteketezaji linauchukua siku ya Ijumaa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Lenzi ya mkononi, glavu za pamba, meza ya kioo yenye taa isiyotoa joto, na magurudumu mawili ya kuzungushia utepe kwa mkono, maana mota ina haraka. Ndoo za mchanga. Mlango unaofunguka kwa nje. Simu tuliziacha kwenye korido, na viatu vyenye misumari vilikatazwa. Mwaka wa kwanza niliogopa kila kitu, hata blanketi la sufu lililotoa cheche nyumbani kwangu. Mwaka wa tatu nilimwambia Godelieve kwamba nimeanza kuzoea. Akavua miwani.

"Siku utakayoacha kuogopa, niambie asubuhi. Mchana uwe umeshaondoka."

Kuhusu kidole chake hakuwahi kuniambia zaidi ya neno moja: haraka.

Kesi ninayotaka kuwaachia ilikuja kiangazi cha mwaka wangu wa tano, wiki ile ya joto ambapo lami ya Brussels ilikuwa inashika viatu. Mwanamke mmoja alipiga simu kutoka Woluwe-Saint-Lambert. Baba yake amefariki, nyumba inauzwa, na kwenye chumba cha chini ya paa kuna mikebe ya filamu. Godelieve alimwuliza swali moja tu.

"Huko juu kuna joto?"

"Kama tanuri, madame!" Alikuwa anacheka. Godelieve hakucheka. Alikuwa ameshachukua funguo za gari.

Madame Solange, ndivyo nitakavyomwita, alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye sigara mkononi. Godelieve alimwomba aizime kabla hata ya kumwambia bonjour. Tukipanda ngazi alitueleza kwamba baba yake alikuwa kamanda wa zimamoto katika mji mmoja wa shaba kule Katanga, enzi za Wabelgiji. Mji huo siutaji, aliyezaliwa huko atautambua. Mimi nimezaliwa huko.

"Nililelewa kituoni," alisema. "Maboi walikuwa wananibeba mabegani." Hapo akakumbuka niko nyuma yake, akageuka. "Samahani. Ndivyo tulivyokuwa tunasema."

Nikamwambia naelewa, tuendelee na ngazi.

Mikebe ilikuwa kumi na moja, imepangwa chini ya vigae, na harufu yake ilitupokea mlangoni. Mfuniko wa mmoja ulikuwa umevimba kama tumbo. Tulishuka ghorofa tatu mara kumi na moja, mkebe mmoja kwa safari, nami nikihesabu vidato kwa sauti ili nisifikirie kitu kingine. Tukaipanga kwenye masanduku ya barafu, yale ambayo watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, wanabebea samaki.

Barabara kubwa ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, wakatuelekeza Chaussée de Wavre, barabara inayokatiza Matonge. Tulikwama mbele ya duka la vitenge, hakuna mbele wala nyuma. Jua lilikuwa linapiga paa la gari. Nyuma ya kiti changu barafu ilikuwa inayeyuka, nikisikia maji yake yakicheza, na pande zote watu walikuwa wanapita na mifuko ya mihogo na watoto mgongoni. Niliwaza: tukilipuka hapa, nitakuwa nimeua nusu ya watu ninaowajua. Mwanamume mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa akaegemea gari letu, akawasha sigara.

Nikashusha kioo. "Papa, pardon, musivutie hapa."

"Maman, hii rue, hii barabara, ni ya kila muntu."

"Papa, humu ndani muko kintu ya kuwaka."

"Essence?" Yaani petroli.

"Mubaya kupita essence."

Alichungulia masanduku, akawageukia waliokuwa mlangoni pa duka. "Beko nabeba samaki, halafu beko natutisha!" Wakacheka wote. Kisha akamwona Godelieve: mzungu mwenye nywele nyeupe, ameshika usukani kwa mikono miwili, midomo inamtetemeka. Kicheko kikamwisha. Aliikanyaga sigara mpaka ikawa vumbi, akaingia barabarani na suti yake, akaanza kusimamisha magari na kutufungulia njia kama polisi. Sijui jina lake mpaka leo.

Kesho yake tulifungua. Mikebe saba ilikuwa imekufa. Mitatu ilikuwa na harusi, mbwa, na meli inayoondoka Antwerp. Uliobaki ulikuwa na kituo.

Nililitambua jua kabla ya jengo. Halafu nikaona matofali, milango miwili mikubwa, na katikati yao ukuta uliotokeza mpaka barabarani. Kwenye mlango wa kushoto lilisimama gari jekundu lenye injini, na wazungu sita wenye kofia za shaba. Kwenye mlango wa kulia ulisimama mkokoteni wenye pampu ya kusukuma kwa mikono, na watu weusi miguu mitupu. Kibao hakikuhitajika. Nilikuwa mtoto mdogo enzi hizo zilipoisha, lakini nakumbuka jinsi mama alivyokuwa akinivuta mkono tukikaribia ile ardhi tupu iliyotenga mji wa wazungu na mtaa wetu. Kiganja chake kilikuwa kinatoka jasho. Nikiwa nimeinama juu ya meza ile ya kioo, miaka hamsini baadaye, kiganja changu kililowesha glavu.

Nyuma ya kituo palikuwa na kibanda cha mabati kisicho na dirisha, cha mazoezi. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango. Wazungu waliingia kwanza na barakoa za mpira usoni, wakatoka, wakapigana mabega. Ikaja zamu ya weusi. Wao walifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji. Niliwazungusha polepole, picha moja moja chini ya lenzi. Waliingia saba. Walitoka sita. Picha iliyofuata ilikuwa bendera.

Nilirudisha utepe. Saba, sita, bendera. Nilirudia mara nne, ingawa nilijua kila mzunguko unaula utepe. Nilimwita Godelieve naye akahesabu kwa Kiflandre, midomo ikicheza. Kwenye fomu aliandika: hatua ya tatu, katikati ya nne. Palipoandikwa "maudhui" alikaa na kalamu hewani muda mrefu. Mwishowe akaandika alichokiona: kituo cha zimamoto, mazoezi ya moshi, wanaingia saba, wanatoka sita.

Kanisani kwetu kulikuwa na mzee aitwaye Papa Ilunga, anakaribia themanini, ambaye watoto walimwita Papa Pompier, yaani Baba Zimamoto. Sikujua kwa nini. Misa zote alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, nami nilidhani ni habari ya kibofu. Jumapili ile nilimfuata nje.

"Papa, mulikuwaka pompier wapi?"

Akautaja mji wetu.

"Upande gani?"

Alinitazama sana. "Maman Clémentine, nani alikuambia kama kulikuwa pande?"

Nikamweleza utepe. Nilipofika kwenye kibanda cha mabati, alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mzee yule.

"Kabwe anaonekana?"

"Kabwe ni nani, Papa?"

"Photo yake haiko. Hata moya. Niambie, anaonekana?"

Nilimwambia siijui sura yake, nisingeweza kujua. Habari ya saba na sita sikumwambia. Niliogopa kwamba huyo Kabwe ndiye wa saba.

Fomu ya Godelieve ilifika Woluwe kwa posta, maana mwenye filamu lazima apate orodha. Jumanne Madame Solange alimpigia simu mkurugenzi wetu. Hataki nakala, alisema. Hataki mtu yeyote aone. Mkebe uteketezwe pamoja na ile iliyokufa. Mkurugenzi, mtu mwema asiyependa simu, alitueleza hivi: mpaka mama huyo asaini, mali ni yake, na Ijumaa gari linakuja.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, mtoto chuoni, na kazi ambayo hakuna mtu mwingine Brussels angenipa. Jumatano jioni, tukivaa makoti, nilimwambia Godelieve kwamba kesho saa sita nitamleta mzee mmoja kwenye chumba cha nitrati, yaani cha zile filamu za kuwaka, na kwamba nitapiga picha. Wageni hawakuruhusiwa kukanyaga mle, hata mkurugenzi alibisha hodi.

"Kesho saa sita," alisema, "nitakuwa kwa daktari wa meno."

Papa Ilunga alikuja amevaa tai. Kabla ya kuketi aliuliza, "Mulango ya kutokea iko wapi?" Nikamwonyesha. Alikwenda, akausukuma mara mbili, akarudi. Dakika tano baadaye Godelieve aliingia, akaweka ndoo ya mchanga karibu na miguu yetu, akasimama. Hakuwa na jino lililouma.

Sikushauri mfanye kama nilivyofanya. Nasema tu nilivyofanya. Niliweka kamera juu ya meza ya kioo nikaanza kuzungusha. Tangu siku ile ya kwanza utepe ulikuwa umeharibika zaidi. Kila duara lilikuwa limeshikana na lenzake, na lilipoachana lilitoa sauti ndogo, tch, tch. Hewa ilikuwa inauma macho. Papa Ilunga aliinama na lenzi, na pumzi zake nilizisikia fupifupi.

"Ule ni Mutombo," alisema. "Ule ni Kazadi, alikuwa naimba. Ule..." Akainama zaidi. "Simama."

Nikasimamisha.

"Njo Kabwe ule."

Kijana mrefu, masikio makubwa, amegeukia kamera kabla ya kuvuta kitambaa juu ya pua. Alionekana uso mzima katika picha kumi na mbili, ambazo kwenye mwendo wa kawaida hazifiki hata sekunde moja. Mapovu yalikuwa yameshafika begani kwake. Nilipiga picha ya kwanza, ikatoka na ukungu. Nikapiga tena. Godelieve alikuja akaushika utepe kwa vidole vyake tisa na nusu, nami nikaendelea, moja baada ya nyingine, mpaka ya kumi na mbili.

Kisha nikauliza nililokuwa naliogopa. "Papa, saba waliingia. Sita walitoka. Wa saba ni yeye?"

"Wapi! Wa saba ni miye." Aliiweka lenzi chini taratibu. "Miye nilikuwa mu dix-neuf ans, miaka kumi na tisa, mupya. Moshi ilinipiga, nikaanguka. Bantu sita balitoka, commandant akakata camera. Njo Kabwe akahesabu. Akasema, Ilunga hatokake. Barakoa zilikuwa mu kabati ya vioo, upande ya bazungu. Fungulo mu mufuko ya commandant. Na mulango yao, muntu mweusi hapana kupita, hata moto iwake. Kabwe alikimbia mpaka ku mulango ile. Akasimama. Akarudia. Akaloweka gunia, akaingia bule, bila barakoa. Alinitosha inje, ananivuta ku mukono. Siku ya ine akakufa, kifua. Bibi yake alikuwa na katoto ka miezi mbili."

Mlango wa korido ulifunguka.

Madame Solange alikuwa amekuja kuhakikisha. Nyuma yake alisimama msichana wa mapokezi, akinifanyia ishara kwamba ameshindwa kumzuia. Madame aliangalia kamera, akaangalia utepe, akamwangalia yule mzee mwenye tai.

"Nani amemruhusu mtu huyu?"

Papa Ilunga aliinuka kwa kushika meza. "Bonjour, mademoiselle Solange," alisema kwa Kifaransa. "Ulikuwa unapenda kuteleza kwenye nguzo ya chuma. Mara moja ulipasua goti."

Nilidhani angepiga kelele. Aliketi kwenye kiti changu kana kwamba mtu amemsukuma. Mkono wake ulishuka wenyewe mpaka kwenye goti.

"Baba alisema wote walitoka," alisema hatimaye.

"Ni kweli. Wote tulitoka. Mmoja alitoka akinivuta mimi, na siku ya nne akafa."

"Baba alijua?"

"Alikuja mazishini. Alisimama ng'ambo ya barabara."

"Alilia?"

"Sikumtazama, mademoiselle. Nilikuwa natazama kaburi."

Aliomba aone. Godelieve alimpa lenzi. Nilizungusha, tch, tch, na nilihisi woga wa aina mbili kwa wakati mmoja: woga wa utepe, na woga wa mama yule aliyeinama karibu nami mpaka nikanusa manukato yake juu ya ile siki. Aliwaangalia saba wote. Kisha aligusa kioo kwa ukucha, pembeni, palipokuwa na kivuli kirefu juu ya mchanga, cha mtu mwenye kofia na mikono iliyoinuliwa usoni.

"Huyu ni yeye," alisema. "Ndiye anayepiga filamu."

Hakulia, wala hakuomba msamaha, na Papa Ilunga hakuonekana kuungojea. Aliponyoosha mgongo aliomba kalamu. Godelieve alimpa fomu ya ruhusa, naye akasaini kwa mwandiko wa mwalimu, isipokuwa herufi ya mwisho iliyomponyoka.

"Muandike majina yao," alisema. "Na la baba pia. Msilifiche."

Alitoka bila kuaga. Pakiti yake ya sigara na kiberiti vilibaki juu ya meza yangu, sentimita thelathini kutoka kwenye utepe. Vilikuwa hapo muda wote, hakuna aliyeviona. Godelieve aliviinua kwa koleo, akavipeleka uani akiwa amenyoosha mkono kama anayebeba nyoka. Aliporudi ilibidi aketi.

Papa Ilunga alitaja majina saba na mimi nikayaandika. Mchana huo tulipiga picha zote zilizowezekana. Ijumaa gari lilikuja, na mkebe ule, ambao katikati yake ilikuwa hatua ya nne, ukaondoka pamoja na ile saba iliyokufa. Jumatatu nilipata barua ya onyo kwa kumwingiza mgeni na kuanza kazi bila ruhusa. Ninayo mpaka leo. Kila neno lake lilikuwa la haki, na ningeipata tena.

Kumtafuta mtoto wa Kabwe kulichukua miezi mitatu. Papa Ilunga alijua tu kwamba mjane alihamia Likasi, hukohuko Katanga. Mama mmoja wa kwaya alikuwa na shemeji huko, shemeji akauliza parokiani, parokia ikaulizia sokoni. Hatimaye tukaambiwa yupo, anaitwa maman Ngoie, anauza unga, mjane naye. Tulichagua picha iliyo safi kuliko zote kumi na mbili, nikaichapisha kubwa, na msafiri mmoja akaibeba ndani ya Biblia yake isikunjike.

Niliposikia imefika nilimwita Papa Ilunga nyumbani kwangu Ganshoren, tupige simu pamoja. Alikuja. Nilipompa simu alirudisha mikono nyuma.

"Piga weye. Miye naogopa."

"Munaogopa nini, Papa?"

"Juu ya miye njo hana baba. Miaka yote ile yeye hana, miye niko. Nitamuambia nini?"

Kwa hiyo nilipiga mimi, Jumamosi asubuhi, mume wangu akikata vitunguu jikoni. Sauti iliyoitika ilikuwa nzito, ya mwanamke aliyezoea kuita wateja. Nilijitambulisha. Nikauliza kama ameipata picha.

"Ninayo mu mikono," alisema. "Maman, huyu ni mutoto."

"Ndiyo, maman."

"Nilikuwa nangoja muzee. Miaka yote, mu kichwa yangu, papa ni muzee. Huyu hapa, mutoto yangu wa mwisho anamupita miaka." Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiuliza bei ya unga, naye hakumjibu. "Usikate simu. Ngoja kwanza nimuzoee."

Nilingoja. Papa Ilunga alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini, ananitazama midomo kama kiziwi. Dakika zilipita, sijui ngapi.

"Ule papa alimutosha mu moshi," sauti ikasema, "bado eko?"

"Yuko hapa karibu yangu. Anaogopa kusema nawe."

"Mupatie simu."

Nilimwekea simu sikioni, kwa sababu mikono yake haikuweza. Nikabaki nimeishika, kwa hiyo nilisikia yote. Hakumwuliza habari ya kituo, wala ya moshi, wala ya mtu mwenye fungulo.

"Papa," alisema, "uko na batoto ngapi?"

"Munane," akajibu, kwa sauti ndogo kabisa.

"Niambie majina."

Akaanza na wa kwanza. Akafika wa nane, akasimama, na yule mama akasema, "Na bajukulu." Papa Ilunga akavuta pumzi, akawataja wajukuu mmoja mmoja, akisahau, akirudi nyuma, akianza tena. Na kwa kila jina, kule Likasi, maman Ngoie aliitika, "Eee."